Walinikataa Eti Sifanani na Shoga, Wakamchukua Baba Yangu

Mimi ni shoga. Naanza na hilo ili anayetaka kufunga ukurasa afunge mapema, tusipotezeane muda.

Waliobaki, sogeeni karibu.

Nataka niwasimulie siku ambayo watu wa filamu kutoka Paris walinikataa mimi eti sifanani na shoga, halafu muda si mrefu wakamchukua baba yangu mzazi, kuli wa bandarini mwenye masharubu na wajukuu wawili, wakampanga mbele ya kamera kama shoga wa mfano.

Baba yangu huyo huyo ndiye aliyenikana kwa sababu niko hivi nilivyo.

Naitwa Ghislain Deswarte. Nimezaliwa Dunkerque, kaskazini kabisa mwa Ufaransa, na sijawahi kuhama. Mchana mimi ni fundi bomba. Mwisho wa wiki navaa gauni, wigi na kope za bandia, napanda jukwaani kwenye klabu ya Mama Paulette, na hapo naitwa Bella Bourrasque. Naimba, natania wateja, nawasuta waume za watu waliokuja kuchungulia. Ni kazi kama kazi nyingine, na naijua.

Baba yangu, Mzee Marceau, alipojua habari zangu hakunipiga. Alikwenda baa ya makuli, akaagiza bia, akasema mbele ya wenzake wote: "Mimi nina binti mmoja. Mtoto wa kiume sina."

Mji wetu mdogo. Neno hilo lilinifikia kabla bia yake haijaisha.

Tangu siku hiyo, karibu miaka tisa, tukipishana barabarani alikuwa anapitisha macho juu ya kichwa changu. Mama alikuwa ananipigia simu kwa siri mzee akiwa kazini. "Mwanangu, baba yako ana moyo. Mpe muda."

Nilikuwa namjibu, "Mama, moyo uliofichwa kabatini unanisaidia nini?"

Sikutaka aniombe radhi. Urithi sikuuhitaji, ana nini cha kurithiwa? Nilitaka jambo moja tu. Lile neno alilolitoa mbele za watu, alirudishe mbele za watu. Bila hivyo, sina baba, na maisha yanaendelea.

Basi, mwaka huo wa tisa, mwezi wa pili, wakaja watu wa filamu.

Dairekta aliitwa Thibaut Lacarrière. Skafu ndefu, miwani myekundu, kila kitu kwake ni "ajabu". Alikuwa anatengeneza kichekesho kuhusu maisha ya klabu za mashoga: mwanamume mwenye mke wake anaingia klabu kwa bahati mbaya, wanamdhania ni msanii mpya, vurugu linaanzia hapo. Alikodi klabu ya Mama Paulette kwa Jumapili moja, mchana. Alisema alitafuta mji uliolala, kipindi cha baridi ambacho hakuna kinachoendelea.

Jamani. Dunkerque, Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, eti hakuna kinachoendelea.

Hiyo ndiyo siku ya kanivali yetu. Makuli, wavuvi, wachomelea vyuma, wanaume wenye shingo kama nguzo za umeme, wote wanavaa sketi za wake zao. Wanavaa wigi, makoti ya manyoya ya bibi zao, soksi za wavu, midomo imepakwa rangi nyekundu. Wanashika miavuli yenye vijiti virefu, wanaandamana nyuma ya beni la filimbi na ngoma. Na wakikutana wanapigana busu la mdomoni, kavu kavu, kuli kwa kuli. Ndivyo walivyofanya babu zao, na hakuna anayeona ajabu.

Siku hiyo pia watu hufungua nyumba zao. Mlango ukiwa wazi na muziki unasikika ndani, hiyo tunaiita kapela. Unaingia tu, unapewa bia na supu ya vitunguu, unaimba, unaondoka. Huulizi ya nani.

Thibaut hakujua hata kimoja cha hivyo. Alikuja na gari lake usiku wa kuamkia Jumapili, akalala, akaamka akaingia klabuni kwa mlango wa nyuma.

Asubuhi nilifika pale na jaketi langu la kazi, ndevu sijanyoa, buti zina matope. Mlangoni nikakutana na binti mwembamba mwenye redio ya upepo kiunoni. Alikuwa Capucine, msaidizi wa dairekta, na kazi yake ilikuwa kuchagua watu.

"Samahani kaka, leo klabu imefungwa. Tunapiga filamu."

"Najua. Nimekuja kwa ajili ya hiyo filamu."

Akanitazama juu mpaka chini, akaguna. "Unajua lakini kwamba ni filamu ya mashoga?"

"Najua."

"Sasa, usinichukie kaka. Tunahitaji watu ambao ukiwaona tu unajua. Wewe unafanana na fundi bomba."

"Ni fundi bomba."

"Eeh, si umeona!" Alifurahi kwamba tumeelewana. "Ila kama una vifaa vyako, choo cha huku nyuma kimeziba."

Mama Paulette alikuwa nyuma ya kaunta anasikia kila kitu. Ni mjane wa mvuvi, umri umekwenda, sigara haijawahi kutoka mdomoni. Alicheka mpaka akakohoa.

"Nenda kajipake rangi, mwanangu," akaninong'oneza. "Huyu mtoto hajui anachokitafuta."

Nikashuka chumba cha chini. Nilipopanda nikiwa Bella, gauni la kijani, kope hadi kwenye paji, Capucine alishika mashavu yake kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Wewe ndiye! Ulikuwa wapi? Tangu asubuhi natafuta mtu kama wewe, wananijia mafundi bomba!"

Nilimpepesea kope tu. Choo nilikuwa nimeshakizibua.

Thibaut akaja kunieleza kazi yangu. Nitaimba jukwaani. Watu waliokaa mezani watanizomea. Mwigizaji mkuu atapanda, ataninyang'anya wigi, ataitupa chini na kuikanyaga. Mimi nitakimbilia nje nikilia, rangi ya macho ikichuruzika.

"Ukumbi mzima utavunjika mbavu," akasema.

"Kwa kucheka nini?"

"Kucheka hali yenyewe."

"Hali gani?"

"Mwanamume mwenye gauni analia!" Alinishangaa mimi nisiyeona utamu wake. "Kichekesho hicho ni cha zamani na hakijawahi kuangusha mtu."

Nikamgeukia Mama Paulette. Yeye akapuliza moshi. "Mimi nimekodisha ukumbi. Uso ni wako. Amua mwenyewe."

Nikamwambia Thibaut kwamba tukifika hapo tutaona. Yeye akasikia "sawa".

Sasa watu wa kukaa mezani walitakiwa waletwe na basi kutoka Lille. Basi likakwama nje ya mji kwa sababu barabara zote zimefungwa. Thibaut akaanza kujishika kichwa, akamfokea Capucine, Capucine akachukua koti akatoka mbio kwenda kutafuta watu mtaani.

Nilijua anachokwenda kukutana nacho. Nikavuta kiti, nikakaa, nikasubiri.

Hakukawia. Alirudi anahema, macho yamemtoka.

"Thibaut! Huwezi kuamini! Mji huu... wako kila mahali! Barabara nzima! Wawili wamebusiana mbele yangu mchana kweupe, na polisi kasimama pale anawapigia makofi!"

"Walete!" Thibaut akaruka. "Walete wote!"

Mlango ukafunguliwa pande zote mbili, taa zinawaka, muziki unalia. Yaani kwa mtu wa Dunkerque hiyo ni kapela, tena kapela nzuri. Wakaingia wanaume kumi na kitu, wanaimba, wananuka bia na samaki wa moshi. Mbele kabisa alikuwa Omer, kuli mwenye tumbo kama pipa, amevaa gauni la harusi. Nyuma yake Dédé, sketi fupi, magoti yana makovu.

Na nyuma ya Dédé alikuwa baba yangu.

Koti la manyoya la marehemu bibi. Wigi ya manjano chini ya kofia yenye maua ya plastiki. Masharubu yake yale yale, na chini yake mdomo mwekundu. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira kwamba bado namwogopa.

Alizunguka ukumbi kama desturi inavyotaka, akambusu kila mtu. Alimbusu Mama Paulette. Alimbusu mpiga picha, yule kijana akabaki anajifuta. Alipofika kwangu akasimama. Akanitazama kidogo, akagusa ukingo wa kofia yake, akapita.

Kila mtu alipata busu isipokuwa mimi. Nikajisemea, hata bila kunijua ananikwepa. Iliniuma, acha niseme ukweli.

Thibaut alikuwa mbinguni. "Tazama uhalisia huu! Ajabu! Washeni kamera, msizime!" Akawakalisha baba na Omer meza moja, akachutama mbele yao, sauti ya upole kama daktari.

"Nyinyi wawili, mko pamoja tangu lini?"

"Mimi na huyu?" Omer akampiga baba mgongoni. "Tangu tunaanza bandarini. Miaka thelathini na ushee."

"Thelathini! Na hamjawahi kutengana?"

"Labda alipovunjika mguu," baba akasema. "Nilimbebea begi lake mwezi mzima."

Thibaut akatoa leso. "Na familia zenu zinajua?"

"Zinajua nini?"

"Kwamba mnatoka hivi."

"Mke wangu ndiye kanishonea hili gauni," Omer akajibu. "Analiongeza kiunoni kila mwaka."

"Mkewe ndiye aliyemshonea," Thibaut akamwambia Capucine, na nawaapia, yule mwanamume alilia.

Nilijibana mbavu nyuma ya pazia. Mama Paulette alikuwa ameinama chini ya kaunta, mabega yanamcheza.

Kicheko changu kikaisha Thibaut alipopiga makofi.

"Haya, kazi! Bella atapanda jukwaani. Akianza kuimba, nyinyi mnamzomea. Mcheke, mwite majina yoyote yanayowajia. Halafu bwana huyu hapa atapanda kumvua wigi."

Nikapanda. Nikaimba. Wimbo wenyewe wa kipuuzi alioniandikia yeye, lakini niliuimba vizuri kwa sababu sijui kuimba vibaya.

Makuli wakanisikiliza.

"Zomeeni!" Thibaut akapiga kelele.

Makuli wakatazamana. Omer akainua mkono kama mwanafunzi. "Tumzomee nani?"

"Huyo jukwaani!"

"Kwa kosa gani? Anaimba vizuri."

"Ni mwanamume aliyevaa gauni!"

Omer akajitazama gauni lake la harusi. Akamtazama Dédé, kisha akamgeukia Thibaut. "Mzee, unajisikia vizuri kweli?"

Thibaut akakata tamaa nao, akamsukuma mwigizaji wake mkuu apande. Yule jamaa akaja na tabasamu la meno, akanyoosha mkono kwenye kichwa changu.

Nikaudaka mkono wake hewani.

"Wigi hii haitoki mpaka niitoe mwenyewe," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Kata!" Thibaut akasema. "Bella mpenzi, hapa unatakiwa ulie."

"Sitalia."

"Lakini ndicho kichekesho chenyewe!"

"Basi panda wewe ulie." Nikashuka ngazi, nikasimama mbele yake. "Umekuja mjini kwetu, umekodi ukumbi wetu, unataka nikimbie kwenye jukwaa langu mwenyewe nikilia ili watu wa Paris wacheke. Mimi jukwaa hili nimelipigania. Nimetemewa mate nje ya mlango huo nikaingia nikaimba. Hutaniona nalia kwa kuagizwa."

Nikamgeukia Capucine. "Na wewe dada, yule fundi bomba wa asubuhi ni mimi. Choo chako kinafanya kazi. Hawa uliowaokota barabarani ni makuli wa bandari, wana wake na wajukuu, leo ni kanivali. Shoga humu ndani ni mimi."

Capucine akakaa chini, sakafuni.

Makuli waliangua kicheko, wanapigana mabega. Halafu habari ikaanza kuwaingia taratibu. Dédé ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

"Ngoja. Yaani huyu binti katuleta humu... ametuchukua sisi kuwa mashoga?"

"Na kamera zilikuwa zinachukua," mwingine akasema.

"Mimi si shoga bwana!" Dédé akavuta sketi yake chini ifunike magoti. "Tunatoka. Sasa hivi tunatoka!"

Hapo ndipo damu ilinichemka kweli. Ya Thibaut yalikuwa ujinga wa mgeni. Hawa ni watu wangu.

"Tokeni!" nikawaambia. "Kila mwaka mnavaa sketi, mnapakana rangi, mnabusiana barabarani, mnaitwa wanaume wa shoka. Mimi navaa gauni hilo hilo Ijumaa, naitwa aibu ya mji. Neno tu ndilo linalowatisha. Nguo mnaipenda!"

Wakaanza kutoka mmoja mmoja, macho chini, miavuli inagongana mlangoni. Omer akageuka.

"Marceau! Twende."

Baba hakuwa ameinuka kutoka. Alikuwa amehama. Alikaa meza ya nyuma kabisa, karibu na nguzo, mwavuli kati ya magoti.

"Tangulieni," akasema.

"Utabaki humu? Watu watasema nini?"

"Nimesema tangulieni. Hapa ndipo ninapokaa."

"Unapokaa tangu lini?"

Aliyejibu alikuwa Mama Paulette.

"Tangu mwaka ule aliomkana mwanawe."

Nikamgeukia.

"Kila kanivali," Mama Paulette akaendelea, "ukumbi umejaa wanaume wa sketi, naye anaingia kama wenzake. Anakaa meza hiyo, anaagiza bia moja, anamsikiliza Ghislain mpaka wimbo wa mwisho. Anaondoka kabla hajashuka jukwaani. Aliniapisha nisiseme, na nimenyamaza miaka yote hii. Leo nimechoka."

Kumbe alikuwa ananijua. Lile busu lilimkwama kwa sababu alijua anataka kumbusu nani.

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa namwona bibi mnene wa masharubu pale nyuma, mmoja kati ya mabibi mia, nikimtania kama ninavyowatania wote. Nilikuwa nimezoea kumchukia. Ghafla sikujua nimweke wapi.

"Ghislain," akasema, sauti ndogo. "Mimi nimekuja. Kila mwaka nimekuja."

Najua wengi wenu hapa mngemkumbatia. Mimi pia mikono iliniwasha. Lakini nilikumbuka ile baa ya makuli, na ule mdomo wake uliosema mbele ya watu, na hapa tulikuwa mafichoni, yeye ana wigi, mimi nina wigi.

"Amekuja nani?" nikamuuliza. "Mimi namwona bibi mwenye koti la manyoya. Baba yangu hajawahi kuingia humu."

"Mwanangu..."

"Toa wigi. Futa huo mdomo. Fungua mlango, waambie makuli wenzako walioko pale nje kwamba mimi ni nani."

"Nje yupo mji mzima, Ghislain. Bandari nzima iko nje."

"Ndiyo. Ulinikana mbele ya bandari nzima."

Vidole vyake vikachezea kijiti cha mwavuli. Nje ngoma zilikuwa zinakaribia.

"Niko mstari wa mbele wa maandamano leo," akasema hatimaye. "Wananisubiri."

Akainuka, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake.

"Ajabu!" Thibaut akanong'ona. "Tumeipata yote. Tunaweza kurudia kidogo, mzee alie?"

Mama Paulette alikwenda ukutani, akachomoa waya wa taa zote za filamu kwa mkupuo. Akawaonyesha watu wa filamu mlango wa nyuma kwa sigara yake.

Nikabaki peke yangu kwenye ngazi za jukwaa. Nililia, ndiyo, na hakuna aliyeniagiza.

Beni likawa linaingia mtaa wetu. Nikawaza nitoke hivi hivi na gauni langu. Halafu nikaona upuuzi wake. Nikitoka na gauni siku ya kanivali, nani atanitambua? Ningekuwa bibi mwingine tu kati ya mabibi elfu. Siku hiyo moja katika mwaka, gauni lilikuwa ndiyo maficho.

Nikashuka chini. Nikavua wigi, nikabandua kope, nikasugua uso kwa sabuni mpaka ukawasha. Nikavaa jaketi langu la kazi na buti zangu za matope. Nikapanda, nikafungua mlango mkubwa, nikasimama chini ya bango la klabu, kichwa wazi, mvua inaninyeshea.

Mtaa mzima ulikuwa wigi na rangi. Mtu mwenye uso wake mwenyewe alikuwa mimi tu.

Watu walianza kuniona. Mama mmoja aliyepita na mumewe alinitambua, akamnyooshea kidole. "Si yule mtoto wa Marceau?" Sikujificha. Nikakunja mikono, nikabaki pale pale.

Halafu ukaja mstari wa mbele.

Mnapaswa kujua kuhusu mstari huo. Ni wanaume wenye nguvu kuliko wote, wamefungana mikono kuziba barabara upande mpaka upande, na mgongoni mwao kuna maelfu wanaosukuma muziki ukipanda. Kazi yao ni kuzuia. Mtu hatoki kwenye mstari. Ukitoka unaacha pengo, watu wanaanguka, na utasimuliwa hadi kaburini.

Baba alikuwa katikati, Omer kulia kwake, Dédé kushoto. Aliniona kutoka mbali. Nilijua ameniona kwa sababu macho yake hayakupita juu ya kichwa changu.

Wakafika mbele ya mlango. Wakapita.

Hatua chache tu. Kisha mstari ukayumba. Mtu mmoja alikuwa amesimama.

"Marceau, una wazimu?" Dédé alipiga kelele. "Shika mstari!"

Baba alijichomoa mikono. Alitupa kofia ya maua. Akavua wigi, upara wake ukaonekana unang'aa kwa mvua, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, anahema kama amepandisha gunia. Akanishika jaketi kifuani. Kwa sekunde moja nilidhani atanipiga.

Akageukia barabara. Ngoma zilikuwa zinapiga, ikabidi apayuke.

"Huyu ni mwanangu!"

Filimbi zikanyamaza hapo hapo, maana wimbo ulikuwa umefika mwisho, na neno lake likaenda hadi kona ya mtaa.

"Yupi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Huyu! Ghislain! Fundi bomba!" Sauti ilimvunjika, akairudisha kwa nguvu. "Anaimba humu ndani, na anaimba kuliko nyinyi mbuzi wote! Mtu ana la kusema aje aniambie mimi!"

Sitawadanganya kwamba mtaa mzima ulipiga makofi. Wengine walipiga. Wengine waligeuza nyuso. Mmoja alitema mate, na Omer akamkanyaga mguu na kiatu chake cha harusi, sijui kwa kusudi au bahati mbaya.

Baba hakungoja. Alinivuta kwa jaketi hadi kwenye pengo lake, akaniingiza upande wa Dédé, mkono wake akaufunga kwenye wangu.

Dédé akautazama mkono wangu mwingine. Beni lilikuwa linavuta pumzi, watu nyuma wameanza kusukuma, mstari uko wazi. Akatukana tusi moja refu la bandarini.

Akaushika.

Tulizuia mji mzima kwa migongo yetu mpaka jioni. Mbavu ziliniuma wiki nzima.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Sehemu ya kunivua wigi haimo, kwa sababu hakuipata. Lakini Thibaut alibakisha baba na Omer pale mezani, wazee wawili wa masharubu, na gazeti moja liliwasifu kuwa ndio wapenzi wanaogusa moyo kuliko wote katika filamu nzima. Omer alitaka kwenda mahakamani. Baba alilikata gazeti lile, akalibandika kwenye baa ya makuli, baa ile ile, juu ya mashine ya kahawa. Dédé akimtania anamjibu: "Wivu tu. Wewe nani amekusifu?"

Na Ijumaa anakuja klabuni. Hana koti la manyoya, hana rangi. Anakuja na jaketi lake la bandari na upara wake, anakaa meza ya mbele, anawanyamazisha watu nikiimba mpaka inakuwa kero.

Ninachowaachia ni hiki. Kuna watu wanaowapenda nyinyi, nakubali, lakini wanawapenda kwa kujificha, na wanataka mshukuru. Msishukuru nusu. Mtu aliyekukana hadharani akija kukubembeleza gizani, mwambie mlango wa mbele uko wazi na nje kweupe. Huenda asije. Wangu angeweza kupita na mstari wake, na mimi ningebaki pale mlangoni vile vile, na uso wangu.